Bundi Mnyapara: Wahusika wa Programu za Kujifunzia Lugha na Swali la Wanamtumikia Nani

Mjadala kuhusu wahusika wa nembo katika programu za kujifunzia lugha kwa kawaida huanzia kwenye sura: rangi gani itavutia, macho yawe makubwa kiasi gani, achaguliwe mnyama yupi. Mwanzo huo una sababu zake. Tangu Konrad Lorenz alipoeleza mwaka 1943 jinsi kichwa kikubwa, paji pana na macho ya mviringo yanavyoamsha kwa binadamu hisia ya ulezi, wachoraji wamekuwa na kanuni ya kufanyia kazi, na vibonzo vingi vya kampuni vinavyopendwa leo vinaitii. Hata hivyo, makala hii inadai kwamba sura ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Kinachoamua kama watumiaji watampenda mhusika, watamcheka, watamvumilia au watamchukia ni wadhifa aliopewa: anasema kwa niaba ya nani, ana haki ya kumwambia nini mtumiaji, na nani anafaidika anapotiiwa. Bundi wa kijani wa Duolingo anafaa kuwa kielelezo kwa sababu wadhifa wake umebadilika mbele ya macho ya watu kwa zaidi ya mwongo mmoja, na pia kwa sababu vichekesho alivyotungiwa na watumiaji vimebeba uchambuzi ambao fasihi ya usanifu haijautilia maanani ipasavyo.

Duolingo ilianzishwa Pittsburgh, Marekani, na Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, pamoja na Severin Hacker kutoka Uswisi, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2012. Bundi ni chaguo la kawaida kabisa katika mapokeo ya Kizungu, ambako ni ndege wa Athena na ishara ya hekima. Rangi yake, kwa simulizi ya von Ahn mwenyewe, ilitokana na utani: Hacker aliichukia rangi ya kijani, na hiyo ikaonekana sababu tosha ya kuitumia. Mwanzoni, basi, Duo, kama bundi huyo anavyoitwa, alikuwa pambo. Alikaa pembeni mwa zoezi, akashangilia jibu sahihi, akasikitika kidogo kwa kosa. Wadhifa wake ulibadilika alipotoka ndani ya somo na kuingia kwenye arifa za simu. Hapo aliacha kuwa shahidi, akawa msimamizi wa mahudhurio. Hesabu ya siku mfululizo ambazo mtu amefanya zoezi bila kukosa ikawa ndiyo mali anayoilinda, na mali hiyo ina nguvu kwa sababu ambayo Daniel Kahneman na Amos Tversky waliieleza mwaka 1979: uchungu wa kupoteza kitu huzidi furaha ya kupata kitu cha thamani ileile. Aliyefikisha siku mia mbili harudi tena kwa ajili ya Kifaransa pekee. Anarudi ili mia mbili zisigeuke sifuri. Arifa iliyopata sifa kuliko zote ni ile ya kuaga, inayomwambia mtumiaji aliyetoweka kwamba vikumbusho havionekani kusaidia na kwamba vitasitishwa kwa sasa. Katika hotuba yake ya TED ya mwaka 2023 von Ahn alieleza, bila kuficha, kwamba ujumbe huo wa kisirani huwarudisha watu. Bundi amenuna, na kununa kwake kumezaa matunda.

Watumiaji waliliona badiliko hilo mapema. Kuanzia mwaka 2017 hivi mitandao ya kijamii ilijaa picha za Duo akiwa amesimama dirishani usiku, ameshika silaha, au ameiteka familia ya mtu aliyesahau somo lake la Kihispania. Ni rahisi kuvipuuza vichekesho hivi kama mchezo wa vijana. Vikitazamwa kwa makini, kinachoshangaza ni jinsi visivyojali ubaya au uzuri wa mchoro, wala udhaifu wa masomo yenyewe, ambao ungestahili kuchekwa. Vinarudi kwenye jambo moja, yaani ufa kati ya uso na amri. Uso unasema: mimi ni rafiki yako mdogo. Ujumbe unasema: umekosa, na nimekuona. Kicheko huzaliwa kwenye ufa huo, na kwa hiyo ni uhakiki wa usanifu uliofanywa na watu wasiolipwa kuufanya. Kampuni iliuelewa. Siku ya Wajinga ya mwaka 2019 ilitangaza kwa mzaha huduma ambayo bundi wa kimo cha mtu angemfuata mtumiaji mahali alipo ili kumkumbusha somo, na kuanzia mwaka 2021 akaunti yake ya TikTok ikamfanya Duo mtukutu, mwenye vitisho vya utani na mahaba ya upande mmoja kwa mwimbaji Dua Lipa. Uhakiki wa watumiaji ulichukuliwa ukawa tangazo. Kichekesho kilichokuwa njia ya mtu kusema "unanibana" kikageuzwa kuwa njia ya kampuni kujibu "najua, na siachi". Wataalamu wa masoko wameisifu hatua hiyo kama ujasiri, na kwa vigezo vyao wana haki. Kwa mtafiti wa elimu, swali lingine ndilo lenye uzito: malalamiko yakishageuzwa burudani, yatapitia mlango gani tena?

Ushahidi bora kwamba wadhifa huishinda sura unatoka nje ya ulimwengu wa lugha. Microsoft Office 97 ilikuja na msaidizi mwenye umbo la kibanio cha karatasi, Clippy, mwenye macho makubwa na nyusi zinazocheza. Alichukiwa kiasi kwamba kampuni ilimzima katika mipangilio ya awali ya Office XP mwaka 2001, na katika Office 2007 hakuwemo kabisa. Maelezo ya haraka ni kwamba alichorwa vibaya. Clifford Nass wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye pamoja na Byron Reeves alikwishaonyesha katika kitabu cha mwaka 1996 kwamba watu huitendea kompyuta kwa adabu zilezile wanazotendeana, alikuwa na maelezo mengine: Clippy alikosa adabu. Alidakia kazi ya mtu, hakujifunza jina wala tabia ya yule aliyekaa naye kwa miaka, na alirudia swali lilelile kana kwamba hawajawahi kukutana. Katika kitabu chake cha mwaka 2010 Nass anasimulia jaribio dogo. Clippy aliachiwa umbo lake, akabadilishiwa jambo moja. Alipomaliza kutoa msaada aliuliza kama umefaa. Mtumiaji akisema haukufaa, Clippy alikasirika pamoja naye, akamfungulia barua pepe ya kulalamika kwa meneja wa Microsoft, na barua ikionekana laini akamchochea aandike kwa ukali zaidi. Waliomjaribu walimpenda. Walikuwa watu 25 tu, idadi isiyotosha kujengea nadharia nzima, lakini mwelekeo wa jaribio ni mgumu kuupuuza: mchoro ulibaki vilevile, kilichohama ni utii. Clippy wa kwanza alikuwa mtu wa kampuni aliyetumwa kwa mtumiaji. Wa pili alikuwa mtu wa mtumiaji aliyepeleka maneno kwa kampuni.

Tafiti za wahusika wa kufundishia zinasema jambo linalokaribiana na hilo, ingawa kwa lugha baridi zaidi. James Lester na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti uliohusisha wanafunzi 100 wa shule za kati nchini Marekani waliojifunza kuhusu mimea wakisaidiwa na mdudu wa kuchora aitwaye Herman. Waligundua kwamba kuwepo tu kwa mhusika, hata asiyesema mengi, kuliwafanya wanafunzi walione somo kuwa la kupendeza na la kuaminika zaidi. Matokeo hayo yalitumika sana kuhalalisha vibonzo. Miaka minne baadaye Roxana Moreno na Richard Mayer, pamoja na Lester mwenyewe, walimchukua Herman yuleyule na kumchambua sehemu kwa sehemu. Picha yake ilipoondolewa, ujifunzaji haukudhurika. Kilicholeta tofauti ni sauti badala ya maandishi, na nafasi ya mwanafunzi kushiriki kuunda mmea badala ya kuelezwa. Mwaka 2013 Noah Schroeder na wenzake walijumlisha tafiti 43 na kupata athari chanya lakini ndogo, kipimo chake 0.19. Mtu anaweza kuisoma namba hiyo kama ushindi mdogo wa wahusika. Tafsiri yenye manufaa zaidi ni kwamba wastani huo umewachanganya wahusika wa kila namna, wanaozungumza na wanaokaa kimya, wanaosaidia na wanaoonyesha njia tu, na mchango wa kila mmoja unategemea kile alichoruhusiwa kufanya. Kwa lugha, ambayo haijifunziki bila mtu mwingine wa kuambiwa jambo, somo la Herman lina uzito maradufu. Mhusika anayemtoa mwanafunzi maneno kinywani anafanya kazi ya lugha. Anayehesabu siku zake anafanya kazi nyingine.

Hiyo kazi nyingine ina historia ndefu katika sehemu yetu ya dunia. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika ya kikoloni, mnyapara ndiye aliyesimama kati ya mwenye shamba na wafanyakazi. Mara nyingi alikuwa mtu wao, mwenye lugha yao na pengine utani wao, na kwa sababu hiyohiyo aliweza kuwasimamia kuliko mzungu wa ofisini. Kipande, yaani kadi ya kazi, kilipigwa alama kwa kila siku ya kazi, na malipo yalisubiri alama thelathini zitimie. Duo ni mnyapara wa aina hiyo: uso wa karibu, mamlaka ya mbali, na kadi ya siku inayopaswa kujazwa. Ulinganisho huu una mipaka yake, na ni lazima itajwe. Mjifunzaji wa lugha anaweza kufuta programu kwa kidole kimoja. Manamba, yaani kibarua wa mashamba hayo, hakuwa na uhuru huo. Lakini mfanano wa muundo unasaidia kuona kwa nini uso mzuri hautatui tatizo. Mnyapara mcheshi hupendwa kuliko mnyapara mkali, na bado anaandika majina.

Mfanano huo unaeleza pia kwa nini bundi amezidi kuwa na vituko mwaka hadi mwaka. Mwaka 2020 Kevin Yancey na Burr Settles, waliokuwa watafiti wa Duolingo, walichapisha makala kuhusu algoriti inayochagua maneno ya vikumbusho. Tatizo walilolikabili linajulikana na yeyote aliyewahi kuamshwa na saa ileile kila asubuhi: kikumbusho kikirudiwa hupoteza nguvu, na hurejewa nayo kikiachwa kipumzike. Algoriti yao basi humwepushia mtumiaji maneno aliyoyaona karibuni na kuyarudisha baada ya muda. Walipoijaribu, watumiaji wa kila siku waliongezeka kwa asilimia 0.5, na wageni waliobaki wakaongezeka kwa asilimia 2. Kwa kampuni kubwa hayo ni mavuno ya maana. Kwa mhakiki ni ungamo: sauti ya msimamizi inachakaa, na ili isichakae inabidi ibadilishwe daima. Yanayotokea kwa maneno ya arifa yametokea kwa sura ya bundi pia. Ikoni ya programu ikamwonyesha amezeeka na kuyeyuka, kisha anaumwa; watu wakalalamika kwamba anawakera au anawatia hofu, na malalamiko yenyewe yakawa sababu ya kuizungumzia programu. Februari 2025 kampuni ikatangaza kwamba Duo amekufa, akigongwa na gari la Cybertruck, na kuwataka watumiaji wafanye masomo ili afufuke. Dua Lipa akatuma salamu za rambirambi. Kabla ya mwezi kwisha bundi alikuwa amerudi. Mhusika ambaye mamlaka yake yanatokana na kukumbusha hana budi kupandisha dau kila dau la jana linapozoeleka, na baada ya kifo sijui ni dau gani linabaki.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni kwamba mbinu hii inafanya kazi. Mwishoni mwa 2024 Duolingo ilikuwa na watumiaji wa kila siku zaidi ya milioni 40. Von Ahn amejenga utetezi wake juu ya hoja hiyo katika hotuba niliyoitaja: simu ina michezo na mitandao ya kijamii iliyosanifiwa na mabingwa wa kunasa umakini, kwa hiyo elimu inayokataa kutumia silaha zao itaachwa mlangoni. Hoja hii haistahili kudharauliwa. Tangu majaribio ya Hermann Ebbinghaus yaliyochapishwa mwaka 1885 inafahamika kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku nyingi hudumu kuliko yaliyorundikwa siku moja, na maneno ya lugha ngeni yanahitaji marudio kuliko karibu kitu kingine chochote. Anayehudhuria anajifunza zaidi ya asiyehudhuria. Lakini hoja inateleza pale inapochukua mahudhurio kuwa ndiyo kujifunza. Kipimo ambacho bundi amepewa akilinde ni siku, na siku inaweza kujazwa kwa zoezi jepesi la dakika mbili lililokwisha kufanywa mara kumi. Mtumiaji mwerevu hugundua hilo upesi, akawa anamlisha bundi badala ya kujilisha lugha. Mhusika aliyesimikwa kulinda siku hana njia ya kuitambua tofauti hiyo, kwani kwake zoezi la kubabaisha na mazungumzo magumu ni alama moja ileile. Hivyo hata tukikubali kwamba elimu lazima ishindane na mitandao, bado ni halali kuuliza kwa nini silaha ziliazimwa kwa ajili ya kuhesabu, na si kwa ajili ya kuzungumza.

Pingamizi la pili linasema kwamba haya yote ni mzaha, na watumiaji wanaujua. Wengi wanaujua kweli, tena wanaufurahia. Lakini mzaha wa hatia unategemea anayeupokea ana nini cha kupoteza. Anayejifunza Kiitalia kwa ajili ya likizo anaweza kumcheka bundi, kwa sababu akikosa somo hapotezi chochote. Mfikirie Mtanzania au Mkenya anayejiandaa kwa mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya A1, ambao tangu mwaka 2007 sheria ya Ujerumani inawadai kwa kawaida wenzi wanaokwenda kuungana na familia zao huko. Kwake lugha ni viza, na siku iliyokosekana kwa sababu umeme umekatika au bando limeisha si ya kuchekwa. Uso uleule wenye huzuni ya kuigiza unamfikia akiwa na huzuni ya kweli. Wasanifu hujibu kwamba arifa zinaweza kuzimwa, na ni kweli. Ila mhusika aliyesanifiwa ili ajulikane hasa kwa arifa zake, kisha akapatikana akiwa amezimwa na wale wanaohitaji lugha kuliko wengine, amesanifiwa kwa ajili ya wale wanaoihitaji kidogo.

Kuna wanaopendekeza suluhisho la kiutamaduni. Kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki bundi ni ndege wa mkosi. Akilia juu ya paa usiku, wazee huanza kuulizana nani anaumwa. Programu yenye bundi, husemwa, imekosea hadhira. Kwa upande mmoja hoja hii ina mzaha wake mtamu, kwa kuwa vichekesho vya Wamarekani vilimfikisha Duo kwenye dirisha la usiku bila msaada wa imani yoyote ya pwani. Kwa upande mwingine haiendi mbali. Kozi ya Kiswahili ya Duolingo, iliyofunguliwa mwaka 2017 kwa kazi ya watu wa kujitolea, inawahudumia wasemaji wa Kiingereza, ambao wengi wao hawana habari na mkosi huo. Na hata tukimwondoa bundi tukamweka Sungura wa ngano zetu, mnyama anayependwa kuliko wote, tukamwachia kazi ya kuwahesabia watu siku, atakuwa mnyapara mwenye masikio marefu. Tena hila zake, ambazo ngano zimetuzoesha kuzifurahia zinapomwangukia Fisi, zitaonekana vingine kabisa mtumiaji atakapojikuta yeye ndiye Fisi.

Kinachofaa kuazimwa kutoka kwenye mapokeo hayo ni wadhifa wa msimulizi kuliko umbo la mnyama. Hadithi ya Kiswahili haianzi mpaka "Paukwa" ijibiwe "Pakawa", na kitendawili hakitegwi mpaka aliyeketi aseme "Tega". Msimulizi hana mamlaka ya kuendelea bila sauti ya msikilizaji, na msikilizaji asiyejua jibu ana njia ya heshima ya kutoka: anatoa mji, na mambo yanaendelea. Huo ni usanifu kamili wa maingiliano, wenye mwaliko, zamu, na namna ya kushindwa bila kuaibika. Mfano wa kisasa wenye mwelekeo huo upo Dar es Salaam. Ubongo, taasisi iliyoanza mwaka 2013, ilimbuni Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na ambaye usingizini huingia katika nchi ya wanyama wanaojifunza pamoja naye. Utafiti wa Dina Borzekowski uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa na watoto wa Morogoro, uliwakuta waliotazama kipindi chake cha televisheni wakiwa mbele ya wenzao katika kutambua maumbo na namba, kuhesabu, na katika stadi za awali za Kiingereza. Akili ni mhusika wa televisheni ya watoto, na haitakuwa haki kumpima kwa mizani ya programu ya simu ya watu wazima. Jambo la kuangalia ni nafasi aliyopewa. Anauliza, anakosea, anasubiri mtoto aliye mbele ya skrini ajibu. Hana daftari la mahudhurio. Akikosa kutazamwa leo, kesho anaanza bila kinyongo.

Inashangaza kidogo kwamba Duolingo yenyewe imekwisha kuwabuni wahusika wa namna hiyo. Kuanzia takribani mwaka 2020 programu imejazwa kundi la watu wa kuchora wanaosema sentensi za mazoezi: Zari, binti mchangamfu mwenye hijabu; Oscar, mwalimu wa sanaa mwenye maringo; Lucy, bibi asiyetabirika; Lily, kijana mwenye nywele za zambarau ambaye hakuna kinachomfurahisha. Kazi yao kuu si kulaumu kama Duo. Wanazungumza, na kila mmoja kwa tabia yake. Mwaka 2024 Lily alipewa uwezo wa kufanya mazungumzo ya video na mjifunzaji kwa msaada wa akili mnemba. Kumchagua Lily badala ya Duo ni uamuzi wa busara kuliko unavyoonekana. Kikwazo kikubwa cha mtu mzima anayeanza kusema lugha ngeni ni haya, na mbele ya kijana aliyechoshwa na kila kitu haya hupungua: hawezi kukatishwa tamaa na makosa yako, kwa kuwa hakutarajia lolote. Kosa la muundo liko kwenye bei. Mazungumzo hayo yalipoanza yaliwekwa kwenye kifurushi cha kulipia cha juu kabisa, na kwa lugha chache kubwa, wakati vikumbusho vya bundi humfikia kila mtu bure. Mnyapara aligawiwa bila malipo na mwenzi wa mazungumzo akauzwa, ingawa utafiti, tangu kwa Herman, unasema ni huyu wa pili anayefundisha. Gharama za kuendesha akili mnemba ni za kweli, na si haki kujifanya hazipo. Lakini mgawanyo huo unafichua kampuni inamwona kila mhusika kuwa chombo cha nini.

Gharama ya kumfanya mhusika awe sauti ya kampuni ilionekana mwezi Aprili 2025, von Ahn alipochapisha waraka uliosema kampuni itatanguliza akili mnemba na hatua kwa hatua itaacha kuwatumia wafanyakazi wa mkataba kwa kazi ambazo mashine inaziweza. Hasira ya watumiaji haikuishia kwa wakurugenzi. Ilimiminika kwenye akaunti za bundi, chini ya video zilezile zilizokuwa zimewachekesha, na mwezi Mei kampuni ikaziondoa video zake kwenye TikTok na Instagram kwa muda. Miaka minne ya utani haikumjengea Duo akiba ya upendo ya kutumia siku ya shida, kwa sababu watu walikuwa wamempenda kama mchekeshaji huku wakijua siku zote anamfanyia kazi nani. Clippy wa Nass, aliyesimama na mtumiaji dhidi ya meneja, angekuwa na la kusema siku hiyo. Duo hakuwa nalo.

Sasa nyadhifa hizo mbili, wa msimamizi na wa mwenzi wa mazungumzo, zinaelekea kuungana. Mhusika anayezungumza kwa akili mnemba anaweza pia kukumbuka ulichomwambia wiki iliyopita, na anayekumbuka hayo anaweza kukukumbusha kwa ustadi ambao arifa za bundi hazikuwahi kuufikia: akataja safari uliyomsimulia, mtihani unaouogopa, mama mkwe unayetaka kumshangaza kwa lugha yake. Kumbukumbu ileile inayomfanya mwenzi mzuri wa mazungumzo inaweza kumfanya msimamizi asiyekwepeka, na mtumiaji hatakuwa na ufa wa kuchekea, maana uso na amri vitakuwa vimeshonwa pamoja. Kabla hilo halijawa jambo la kawaida, jaribio la Nass linaweza kurudiwa kwa gharama ndogo. Lily apewe ruhusa ya kumwambia mjifunzaji kwamba leo amechoka na apumzike, na kwamba hesabu ya siku zake haitaguswa. Kisha vipimwe kwa muda wa miezi kadhaa mahudhurio kwa upande mmoja na uwezo wa kuzungumza kwa upande mwingine. Mahudhurio yakishuka na uzungumzaji ukapanda, itajulikana mhusika anamtumikia nani kwa kuangalia ni toleo lipi ambalo kampuni italibakiza.